Baba alisomesha maisha yake yote lakini roho yake ilikuwa baharini, niandike nini siku ya arobaini?

SWALI

Bi Mkubwa asalaam aleikum, na shikamoo. Nakuandikia nikiwa Langoni hapa Lamu, saa hizi usiku watoto wamelala, manake mchana sipati hata nafasi ya kukaa na simu.

Baba yetu katutoka mwezi uliopita. Alikuwa na sukari muda mrefu, mwisho ikamuingia kwenye figo, tukampeleka Mombasa akarudi, akakaa nyumbani wiki chache tu, Mungu akamchukua alfajiri moja na alasiri tukamzika. Watu walijaa mpaka njia zote za mtaani hazipitiki, walimu, wanafunzi wake wa zamani ambao sahi ni watu wazima na ndevu zao, manahodha, wabeba mizigo wa pwani, wengine sikuwajua kabisa na walikuwa wanalia kuliko sisi.

Sasa arobaini inakaribia. Kaka yetu mkubwa anakaa Nairobi, ndo mwenye kazi nzuri, kasema ifanywe hitma kubwa, biriani, maturubai, wageni wa ofisini kwake watakuja, na baada ya hitma ami atasimama asome wasifu wa baba. Kazi ya kuuandika nimepewa mimi. Nikakaa nikaandika kurasa mbili, nililia nikiandika lakini nikamaliza, nikamtumia kwa WhatsApp. Akanipigia simu amekasirika, ati umemuandika baba kama mvuvi, baba alikuwa mwalimu, andika shule alizosomesha, andika alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, andika hija yake, watu wa maana watakuja usimfanye baba mtu wa kushinda pwani na nguo inanuka samaki. Nikanyamaza. Ni mkubwa wangu siwezi kumjibu, lakini maneno yale yameniumiza mpaka leo sijaweza kuifungua ile karatasi tena.

Kwa sababu Bi Mkubwa, ukimtoa baba baharini sijui atabaki nani. Alikuwa mtu wa Lamu mjini, watu wa kwao si wavuvi, babu alikuwa na duka. Kijana, kazi ya kwanza ya ualimu, kapelekwa Kizingitini, kwa wavuvi kule kisiwa cha Pate, hajui hata kufunga ndoana. Babu mzaa mama ndo alimchukua kwenye dau lake akamfundisha, na kwenda kule na kurudi kila jioni kuleta samaki pale nyumbani ndo akamuona mama. Toka hapo mshipi haukumtoka mkononi. Shule zikifungwa Aprili na Agosti ni kusi, upepo mkali, basi anatuchukua ndani ndani huku mkondo wa Mkanda mpaka kule mitoni Kipungani, Disemba kaskazi imetulia tunatoka nje, tulikuwa watoto wanne kwenye mashua, kila mtu na kibao chake cha mshipi chenye alama yake aliyoichonga yeye kwa kisu. Mimi hesabu za kugawanya nilijulia kwenye tenga la changu, alikuwa anasema samaki 23, nyumba sita, kila nyumba wangapi, wangapi wanabaki, na wanaobaki apewe nani. Na hakuna siku chungu chetu kilitangulia. Kwanza cha yule mama mjane wa nyumba ya mbele, kisha cha mwalimu wa chuo cha Kurani, kisha jirani wa ukuta, ndo chetu. Ijumaa mama hakushika kisu, baba mwenyewe alikaa uani akapara samaki akawapaka, huku anamsimulia mama habari za shule.

Nyumbani alikuwa mkimya. Baharini ndo alikuwa anasema. Mimi ndoa yangu ilipovunjika nilirudi na watoto wawili na aibu ya kutosha, watu wanasema hili na lile, yeye hakuuliza kitu. Asubuhi yake akaniamsha, akasema njoo tuvue. Tukaenda upande wa Manda, tukakaa kutwa hatukuzungumza hata neno moja la ndoa, ni changu na tewa tu, na wakati wa kurudi tunakaribia pwani akaniambia, chumba chako kile nimekipaka chokaa. Basi. Hilo sikuliandika kwenye wasifu kwa sababu naona ni la ndani.

La pili ni mashua. Ipo, ya mbao, tanga lake na injini kuukuu ya nguvu za farasi 15. Kaka anataka iuzwe sasa hivi pesa ziingie kwenye hitma. Ndugu yetu mdogo, ambaye miaka hii ya mwisho ndo alikuwa anaenda na baba, hataki kusikia, juzi wamegombana kwenye grupu la familia mpaka shangazi akatoka kwenye grupu. Mama yuko kwenye eda, hasemi neno, anashika tasbihi yake tu. Na mwanangu wa miaka saba kila maji yakijaa ananiuliza babu atatoka saa ngapi.

Niandike nini Bi Mkubwa, na nifanye nini na kaka?

Binti wa Mwalimu, Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Poleni sana nyumba nzima. Mola amrehemu mzee wenu, ampanulie kaburi lake, na nyinyi awape subira.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma kwa sauti kumsomea mtu niliyekaa naye, kwa sababu wewe unaniuliza uandike nini na mimi naona umeshaandika. Ile karatasi uliyoifunga ifungue. Usiichane. Kaka yako kuna jambo moja yuko sawa nalo, ntalifikia, lakini kwenye kubwa hayuko sawa na ntakwambia kwa nini.

Yeye anadhani kuna baba wawili, mmoja mwalimu wa kuonyesha wageni, mmoja mvuvi wa kuficha. Soma barua yako mwenyewe uone kama wako wawili. Alijua bahari kwa sababu alikuwa mwalimu kapelekwa Kizingitini. Alimpata mama yenu kwa sababu alikubali, yeye msomi wa mjini, kukaa chini ya mzee asiyejua kusoma pengine na kufundishwa naye. Hesabu mlizijulia kwenye tenga. Majirani walikula kwa mkono wake. Ndoa yako ilipovunjika, dawa aliyokuwa nayo ni mshipi na kutwa nzima ya kukaa na wewe bila kukuhukumu. Huyo ni mtu mmoja mwanangu, na bahari ndo mahali alipofanyia ubaba wake. Ukitoa samaki kwenye huo wasifu, kinachobaki ni orodha ya shule na cheo cha naibu, na hiyo orodha hata faili la ofisini linayo, hakuna haja ya ami kusimama kuisoma.

Na kuna jingine kaka yako hajalifikiria, au kwa huzuni halijamjia. Watu wa mama yenu ni wavuvi. Siku ya hitma watapanda boti toka Kizingitini, safari yenyewe si ndogo na kusi hili linalovuma, wataingia wakae kwenye mkeka, halafu wasikie maisha ya mkwe wao yakisomwa na hakuna mahali popote palipotajwa mzee wao aliyemfundisha? Mama yenu akiwa ndani anasikia kwa kipaza sauti? Utamaduni wetu unajua kufunika mambo, lakini hili si la kufunika, hakuna aibu ndani yake. Kizingitini, Faza, Kiunga, Ndau, huko kote watu wamelea watoto na kuwapeleka skuli na hija kwa kamba na nguru. Mwalimu alilijua hilo ndo maana hakulionea haya.

Sasa jambo ambalo kaka yuko sawa. Ualimu wake usiupite haraka. Inawezekana wewe umeuandika mstari mmoja kwa sababu wewe ulimjua zaidi likizoni. Wale wanaume wenye ndevu waliolia makaburini unaosema hukuwajua, wao wana baba yako mwingine ambaye nyinyi watoto hamkumuona, yule wa darasani. Watafute. Wawili watatu watatosha. Uliza kila mmoja jambo moja tu, kitu gani mwalimu alikufanyia wewe. Usiulize alikuwa mtu wa namna gani, ukiuliza hivyo utajibiwa alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, mpole, na maneno hayo yamesemwa kwa kila maiti hapa pwani mpaka hayashiki tena. Uliza alifanya nini. Mmoja atakwambia alinilipia ada ya mtihani, mwingine atakwambia alinifuata nyumbani nilipoacha skuli, na hapo ndo utaandika.

Na hii kazi ya kuwatafuta mpe kaka. Nasema kweli, mpe yeye. Mpigie, umwambie kwa adabu, kaka umesema kweli ualimu wa baba nimeupunguza, wewe ulisoma mbele yetu na unawajua wanafunzi wake wa zamani kuliko mimi, niandikie wewe sehemu hiyo, mimi niandike ya nyumbani. Mtu aliye mbali wakati mzazi anakufa hubaki na kitu kimemkaa kooni, anakitoa kwa pesa na maturubai kwa sababu ndo njia aliyonayo, na pengine hizo hasira si za samaki hata kidogo. Ukimpa kazi ya kukaa na kumkumbuka baba yake atalainika. Asipolainika basi usibishane naye wewe, mpelekee ami hizo kurasa mbili azisome kimyakimya kwanza, yeye ndo atakayesimama na yeye ni ndugu wa marehemu, neno lake kaka hatolivuka.

Haya, kuandika kwenyewe. Anza na mama. Eda ni miezi minne na siku kumi, ana muda wa kukaa na wewe, na ukimya wake usidhani hana la kusema, pengine hakuna aliyemuuliza. Kaa naye baada ya isha watoto wakilala. Mwambie akusimulie Kizingitini toka siku ya kwanza, alikuwa amevaa nini huyo mwalimu mgeni, babu alimpa kazi gani kwenye dau siku ya mwanzo, alitapika au hakutapika, nani alipeleka posa. Washa simu irekodi, lakini umuombe ruhusa. Miaka atakuwa haikumbuki, usimsumbue na miaka, mshikie kwenye mambo anayoyajua. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za Elnino za 1997 au baada? Mji wetu unaingizwa kwenye urithi wa dunia 2001 baba alikuwa anasomesha wapi? Ile Disemba 26 ya 2004 ya tsunami alikuwa baharini au nchi kavu, maana ilikuwa likizo na ilikuwa kaskazi, na kwa jinsi ulivyomueleza siamini alikuwa kitandani. Utashangaa mama atakavyofunguka.

Halafu ndugu yako mdogo. Huyu umemtaja kwa mashua tu lakini yeye ndo ana mali kubwa na sidhani anajua kama anayo. Mzee aliyevua miaka yote hiyo alikuwa na miamba yake, na mwamba uko chini ya maji hauonekani, unaupata kwa kuangalia alama mbili nchi kavu zikae sawa, labda mnara wa msikiti na mkoko fulani, na upande wa pili ncha ya rasi na mnazi, zikikutana hapo ndo unatia nanga. Kila mvuvi ana zake na wengi wanakufa nazo. Akae na wewe aziseme zote huku unaandika. Aseme na majira, siku zipi za mwezi mzee alikuwa anatoka, bamvua maji yakijaa na kupwa sana anafanya nini, maji mafu yakienda kidogo anafanya nini, changu anamtilia chambo cha ngisi au kamba, tafi anamuwekea mwani gani kwenye mtego wa dema. Mambo haya hayataingia yote kwenye wasifu, wageni hawatakaa kusikiliza alama za miamba, lakini yawekeni kwenye daftari la nyumba. Bahari yenyewe ya Lamu haiko vile alivyoikuta yeye. Upande wa Kililana mkondo umechimbwa kwa ajili ya bandari, gati ya kwanza ikafunguliwa 2021, na wavuvi walishaenda mahakamani toka 2012 kulalamikia hilo mpaka Mahakama Kuu 2018 ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yaani kuna sehemu ambazo baba yako alivua akiwa kijana na mwanao akienda kesho hatozikuta. Kama mwalimu alizijua kwa majina, mziandike kwa majina yale yale aliyoyataja yeye.

Urefu usizidi kurasa mbili. Watu wamekaa chini, joto, wamemaliza Yasini, ami si kijana. Usianze na alizaliwa wapi, hilo liweke ndani. Anza hivi kwa mfano, halafu wewe utengeneze kwa mdomo wako: "Mwalimu alipofika Kizingitini hakuwa anajua kufunga ndoana, na mzee aliyemfundisha yuko hapa leo kwa watoto wake na wajukuu zake." Ukishasema hivyo watu wa kwa mama yako wameshakaribishwa, na ualimu umeshasemwa, na bahari imeshasemwa, kwa pumzi moja. Kisha likizo na vibao vya mshipi. Kisha sehemu ya kaka ya darasani. Kisha vyungu vya majirani, na hapa usiseme alikuwa mkarimu, sema cha kwanza kilikwenda wapi, cha pili wapi, cha tatu wapi, kama ulivyoniandikia mimi. Yule mama mjane wa nyumba ya mbele kama yu hai muombe kwanza ruhusa ya kumtaja, wengine hawapendi.

Na Ijumaa ya kupara samaki iweke. Vijana wa siku hizi waliooa wasikie kwamba mwanamume wa heshima zake, mwalimu na haji, alikaa uani na kisu akampumzisha mkewe. Hilo kwangu mimi ni kubwa kuliko unaibu wa skuli.

La chumba kupakwa chokaa, hilo ni lako. Umesema ni la ndani na mimi nakubali, huna deni la kulitoa mbele za watu wa ofisini. Lakini liandike kwenye lile daftari la nyumba ili watoto wako wakikua wajue walipokelewa namna gani. Nilipofika hapo kwenye barua nilinyamaza kidogo. Wazee wetu wengi wangeanza na maswali.

Tuje kwenye mashua, na hapa nakuwa mkali kidogo. Mashua si ya kaka na si ya mdogo. Toka baba alipokata roho imekuwa ya warithi wote, na kabla haijagawanywa yanatangulia gharama za maziko, kisha madeni yake kama yapo, kisha wasia kama aliacha na usizidi thuluthi, ndo mirathi. Mama yenu ana thumuni yake, fungu moja katika nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, na kinachobaki ni chenu, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, kama hakuna mrithi mwingine. Kwa hiyo kuiuza kwa haraka ili kupika biriani, mama akiwa ndani ya eda hawezi hata kushuka pwani kuiangalia mara ya mwisho, hilo si jambo la kufanya. Kama wote nyinyi watu wazima mkiridhia kwa moyo safi hiyo ni haki yenu, lakini mmoja akisema sitaki basi muwe na subira, nendeni kwa Kadhi, mahakama yake ipo hapohapo Lamu na mambo ya mirathi ya Waislamu ndo kazi yake kwa Katiba. Nendeni mapema kabla hamjatukanana vya kutosha. Na ulizieni madeni kwanza, mtu wa pwani huwa na vijideni vya mafuta ya injini, vya nyavu, na pia huwa ana watu anaowadai yeye na hawatajitokeza mpaka muwaite. Siku ya hitma ami atangaze, anayemdai mwalimu au anayedaiwa naye aje.

Hitma kaka aifanye kwa mfuko wake kama anataka na Mungu atamlipa, lakini mwambieni apunguze. Hitma ni Kurani na dua. Mtume (s.a.w.) alisema mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Elimu mzee ameiacha, darasani na kwenye mashua. Watoto ni nyinyi, na dua haiendi vizuri kwenye nyumba ambayo ndugu hawasemeshani. Iliyobaki ni sadaka, na mimi ninge... basi niseme tu. Ningekuwa ni mimi nyumba hiyo, mashua isingeuzwa. Mdogo aichukue kwa makubaliano yaliyoandikwa, awalipe wenzake mafungu yao kidogokidogo kila msimu wa kaskazi ukiingia pesa, au warithi wote muiache ya shirika, na kwa namna yoyote ile kile chungu cha kwanza kiendelee kwenda kulekule kilikokuwa kinakwenda, kwa nia ya baba yenu. Samaki watatu wanne kila akitoka. Hiyo itaishi kuliko biriani.

Lakini kuna haraka moja, na haihusiani na mirathi. Saa hii ni kusi na mashua pengine imevutwa juu imekaa juani toka mzee alipougua. Mbao zikikauka zinaachana, na mkija kuishusha itanywa maji kila upande. Mdogo aiweke kivulini au aifunike makuti, aimwagie maji ya chumvi, na kabla ya kuishusha itiwe kalafati upya, nyufa zizibwe, mafundi wa Matondoni wapo na wanaijua kazi hiyo. Injini itolewe iwekwe ndani. Mkigombana mwaka mzima juu ya mashua mtakuja kugawana kuni. Na yeye mwenyewe mdogo mumtazame, asiende peke yake nje ya mwamba na huzuni hii na bahari hii, atafute wa kwenda naye hata kama ni mtoto wa jirani.

Mwanao wa miaka saba usimdanganye babu amesafiri. Mwambie babu amekufa na amezikwa, mpeleke kaburini na wanaume siku ya Ijumaa akasome Fatiha yake. Na kile kibao chako cha mshipi chenye alama aliyoichonga babu, kama bado unacho, mpe. Kusi likipungua, siku ya maji mafu, mjomba wake amchukue hapo Mkanda karibu, amvalishe laifu jaketi linalomtosha si la mtu mzima, wasikae muda mrefu, na akipata hata mbono mdogo wa kidole umkaange umuandalie kama alivyokuwa anaandaliwa babu yake. Ataacha kuuliza saa ngapi, au ataendelea kuuliza, watoto hawafanani, lakini atakuwa na kitu mkononi.

Karatasi ukimaliza mpe ami siku mbili kabla, uandike kwa herufi kubwa na uache nafasi katikati ya mistari, kwa sababu miwani na machozi pamoja ni taabu. Na awepo mtu wa pili wa kuipokea akishindwa kuendelea, mimi ningependa awe kaka yako. Nikipata barua yako ya pili ntafurahi. Msalimie mama sana, mwambie Bi Mkubwa anamuombea.